Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga kuhusu masharti ya tafiti za afya

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, kukuomba usitoe kibali kwa utafiti wowote wa afya kabla watafiti hawajaeleza kwa maandishi jinsi watakavyowakinga washiriki na macho na masikio ya wenzao.

Timu inapofika mtaani, kina mama huketishwa kwenye benchi moja uani kwa mkubwa wa mtaa, na kila anayetoka ndani huulizwa na wanaosubiri aliulizwa nini na alijibu nini. Wa tano anapoingia, jibu analo tayari. Simlaumu hata kidogo, kwa kuwa akikiri kwamba watoto wake hawalali ndani ya chandarua ataonekana mzembe mbele ya majirani atakaokutana nao sokoni na kanisani, na huenda akashutumiwa kwamba amewakosesha wote msaada.

Hasara yake si ndogo. Utafiti wa VOICE, ulioanza mwaka 2009, uliwapa wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe vidonge au jeli ili kupima kama vingewakinga na virusi vya UKIMWI. Kwa maelezo yao wenyewe, takriban asilimia 90 ya dozi zilitumiwa. Lakini miongoni mwa waliopewa tenofovir, yaani dawa iliyokuwa ikijaribiwa katika vidonge na jeli hizo, dawa hiyo ilionekana katika sampuli za damu zisizozidi asilimia 30. Baadaye, walipoonyeshwa vipimo vyao, baadhi walieleza hofu ya madhara na maneno ya watu waliowazunguka. Miaka ya kazi ikapita bila kujulikana dawa hizo zingeweza nini kwa wanawake hao kama wangezitumia kweli.

Kwa hiyo ninaomba mahojiano yafanyike faraghani, aliyekwisha kuhojiwa asirudishwe kwa wanaosubiri, na zawadi wanayopewa washiriki isitangazwe mapema. Mkubwa wa mtaa aarifiwe na aheshimiwe kama desturi inavyotaka, ila asiketi ndani ya chumba. Panapowezekana, na kwa ridhaa ya mshiriki, maneno yalinganishwe na kipimo cha damu au ukaguzi wa nyumbani. Ripoti nayo ieleze nani alikuwapo wakati wa maswali, maana wizara yako hugawa dawa na vyandarua kwa kufuata majibu hayo.

Kwa heshima kubwa,
Mkaaji wa Katuba, Lubumbashi