Kofia ya baridi nayo ni kosa siku hizi?

Mhariri, salamu kutoka huku Mbeya kwenye baridi, naomba kanafasi kidogo maana hili jambo limenikaa kooni toka mwezi wa sita.

Mpwa wangu anapakia viazi kwenye mafuso pale Uyole, kazi yenyewe inaanza saa kumi usiku ili magari yawahi Dar. Siku hiyo katoka geto anatembea zake, kavaa jaketi, kofia ya sufu kaishusha mpaka kwenye nyusi na skafu kajizungushia mdomoni, difenda ikasimama, dogo jieleze, unaenda wapi saa hizi na mbona umeficha sura? Akasema naenda kupakia viazi mkuu. Basi panda. Kosa eti uzururaji, na kwamba alikuwa anajiandaa kuvunja maduka. Kwa kifaa gani sasa? Mfukoni alikutwa na elfu mbili na hendisfri. Jamani Juni Mbeya hii nani hafichi sura, tukienda hivyo si tutakamatwa mkoa mzima, na kule Makete hatabaki hata mtoto.

Mimi sipingi doria. Bodaboda wanakatwa mapanga usiku tunaona, na hakuna mwenye akili anayetaka askari asubiri mtu achinjwe ndo aje kupima eneo. Ila sheria haijawafunga mikono hata kidogo, ile ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamruhusu askari kumkamata bila hati mtu aliyemkuta usiku njiani hata kama kosa bado halijatendeka, sharti awe na sababu za msingi za kumshuku kwamba yuko mbioni kulitenda. Sababu za msingi, sio kofia. Na mtu akishaanza kutekeleza nia yake ikaonekana, yaani kashika mtaimbo anachokonoa kufuli, hilo ni jaribio la kutenda kosa na Kanuni ya Adhabu inalo. Huko kote anayetakiwa kujieleza kwanza ni askari.

Uzururaji ndo unageuza kibao. Unashukiwa, huna kipato kinachoonekana, ukishindwa kujieleza vizuri basi umekuwa mkosaji. Kujieleza vizuri kwa nani, saa kumi usiku na tochi iko machoni? Hii tulirithi kwa Waingereza, na wao wenyewe kile kipengele chao cha kukamata mtu barabarani kwa kumshuku tu walikifuta 1981. Halafu Mahakama ya Afrika, ambayo iko Arusha hapa hapa kwetu, Desemba 2020 ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, nchi zizirekebishe au zizifute.

Kuna na ile sheria ya wakuu wa mikoa na wilaya kuagiza mtu ashikwe saa 48 wakihofia atavunja amani. Wengi tunaijua mpaka hapo tu, hatujui kwamba mkuu anatakiwa aandike sababu zake, na saa zikiisha mtu apelekwe mahakamani au aachiwe. Polisi wao ni saa 24.

Mpwa wangu alilala ndani siku mbili. Hakimu hakumwona kwa macho, alitoka baada ya mjomba mtu kwenda na hela isiyokuwa na risiti, na pale pale kaunta ukutani pameandikwa dhamana ni bure. Nikamuuliza askari kimemfanya amshuku nini hasa, akacheka, akaniambia mzee shukuru tumekurudishia kijana.

Sasa kazi ya usiku ameacha. Anasubiri kupambazuke kwanza ndo atoke, na akifika Uyole mafuso ya Dar yako Chimala.

Ndaga,
Msomaji wako, Mwanjelwa, Mbeya