YAH: MALALAMIKO KUHUSU phpMyAdmin MLIYOIACHA NA KASORO KWENYE SEVA YENU

Ofisi ya Katibu,
Chama cha Akiba na Mikopo,
Morogoro.
11 Machi 2024

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni inayotunza tovuti yetu,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tangu 2017 tunawalipa kila mwaka mtutunzie tovuti na hifadhidata ya wanachama 412: majina, namba za simu, namba za NIDA, akiba na mikopo. Usiku wa kuamkia Jumatatu, 19 Februari, mtu asiye mwanachama wala mtumishi wetu aliingia humo. Siku tatu baadaye simu zikaanza. Mama mmoja muuza mchele alipigiwa na mtu aliyemtajia deni lake hadi shilingi ya mwisho, akamwelekeza atume rejesho kwenye namba "mpya" ya chama. Akatuma 180,000. Waliotuma ni wanne, jumla shilingi 610,000, na tumewarudishia kutoka mfuko wetu wa dharura.

Nilipowapigia, kijana wenu wa huduma kwa wateja alinijibu kwamba nenosiri letu lilikuwa jepesi, tulibadilishe. Nimelibadilisha. Lakini jibu hilo mmelirudia mara mbili kwa maandishi, na si kweli.

phpMyAdmin ni programu ya kusimamia hifadhidata kupitia kivinjari, na ukurasa wa kuiingilia mliotupa una nafasi tatu za kujaza: seva, jina la mtumiaji na nenosiri. Nafasi ya kwanza ndiyo iliyotuponza. Huonekana pale mwenye seva anapowasha mpangilio uitwao AllowArbitraryServer, ambao programu inapotoka kwa walioitengeneza huwa umezimwa. Ukiwashwa, mtu anaweza kuandika hapo anwani ya seva ya MySQL (programu inayohifadhi data) aliyoiandaa mwenyewe, popote alipo, akaingia kwa nenosiri lake, na phpMyAdmin yenu ikamhesabu kuwa ameingia kihalali. Hahitaji hata herufi moja ya nenosiri letu.

Akishaingia, linabaki suala la toleo. Ukurasa wa maelekezo ya programu ulio kwenye seva yenu unaonyesha 4.8.1. Toleo hilo, na 4.8.0 lililolitangulia, lina kasoro iliyoandikishwa kwenye orodha ya umma ya kasoro za usalama kwa namba CVE-2018-12613. Programu hupokea jina la ukurasa wa kufungua kupitia anwani ya kivinjari, na kabla ya kuufungua hulilinganisha na orodha ya kurasa zinazoruhusiwa, ikisoma hadi penye alama ya kuuliza tu. Mshambuliaji huisimba alama hiyo mara mbili, yaani huiandika kwa msimbo badala ya alama yenyewe, kisha msimbo huo nao akausimba. Programu ikiisimbua huona jina halali na kuruhusu, kumbe kinachofunguliwa ni faili jingine kabisa ndani ya seva. Kuna baya zaidi. Amri za SQL (lugha ya kuiagiza hifadhidata) anazoandika mtumiaji huhifadhiwa kwenye faili la kikao chake, ambalo seva hulitunza baada ya yeye kuingia. Akiingiza ndani ya amri msimbo wa PHP, lugha ambayo phpMyAdmin yenyewe imeandikwa, kisha akalifungua faili hilo kwa njia hiyohiyo, seva hutekeleza msimbo wake. Kutoka hapo anaweza kusoma faili la mipangilio ya tovuti yetu, ambamo nenosiri la hifadhidata limeandikwa. Hata lingekuwa na herufi arobaini, angelikuta limelala palepale.

Kumbukumbu za seva, mlizonipa baada ya kuziomba mara nne, zina mistari 11 ya usiku ule yenye alama hiyo iliyosimbwa mara mbili. Nimeiambatisha. Sikuhitaji utaalamu wa ajabu kuiona; ilihitaji mtu wa kuisoma.

Watengenezaji wa phpMyAdmin walirekebisha kasoro hii katika toleo 4.8.2 mwezi Juni 2018, wakatoa tahadhari ya hadhara namba PMASA-2018-4. Programu ni huria na toleo jipya ni bure. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo sasa anasoma darasa la awali, na kwenu bado ni 4.8.1. Miaka yote hiyo ankara zenu za Januari zimekuwa na mstari usemao "matengenezo na usalama wa seva". Tumeulipia kila mara bila kuchelewa, kwa fedha za watu wanaoweka akiba elfu mbili mbili kwa wiki.

Tunataka ukurasa huo uondolewe leo kwenye intaneti ya wazi, na ukirudi uwe wa toleo linalotunzwa, usio na nafasi ya seva, unaofunguka kwa anwani mnazozijua tu. Seva nzima ikaguliwe kama kuna faili aliloliacha. Wateja wenu wengine walio kwenye seva hiyo waambiwe, maana nao wana watu wao. Tunadai pia mturudishie shilingi 610,000. Msipojibu ndani ya siku 14, tutafikisha suala hili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa chini ya Sheria ya mwaka 2022.

La mwisho ni barua. Mkutano wa wanachama ni Jumamosi, 23 Machi, na baadhi yao wanaamini mtunza hazina wetu aliuza orodha, kwa sababu ninyi mmeandika kwamba kosa ni la nenosiri letu. Andikeni kwamba haikuwa hivyo, mtie saini na muhuri, nimsomee mama yule na wenzake wote mbele ya mtunza hazina.

Wako katika kazi,
Katibu wa Chama

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi