Kwa mtaalamu wenu: sisi wengine tunalipa hadi kodi za wenzetu

Mhariri,

Mara ya mwisho kuwaandikia nilikuwa naleta majibu ya chemshabongo, na sikushinda. Nisingewaandikia tena kama si habari yenu ya wiki iliyopita, ile ya mtaalamu aliyesema walipakodi nchi hii ni wachache na sisi wengine tunabebwa.

Huyo anadhani kodi ni ile tu ya kukatwa kwenye mshahara. Mimi fundi cherehani sina mwajiri wa kunikata. Lakini zipu, sabuni na vocha ninazonunua zina VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 (ilipoanza mwaka 1998 ilikuwa 20, ikashushwa 2009). Anayeipeleka serikalini ni mfanyabiashara. Anayeitoa mfukoni ni mimi.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita nimehamia fremu iliyokuwa imekaa tupu miezi sita. Sare za shule zimejaa mezani, wazazi wanazitaka Jumatatu, nikanunua umeme wa sh. 10,000. Ujumbe ukaingia, nikavaa miwani: deni, 9,000! Kumbe ni kodi ya jengo, ile iliyoingizwa kwenye luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) Agosti 2021 kwa sh. 1,000 kwa mwezi na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Mara sita. Miezi yote hiyo fremu yenyewe nilikuwa sijaiona kwa macho! Ile elfu iliyobaki ikakatwa VAT, ikakatwa asilimia 3 ya umeme vijijini, ikakatwa asilimia 1 ya mdhibiti wa nishati, nikabakiwa na yuniti 2.8. Pasi ilizimika nikiwa kwenye marinda ya sketi ya tatu. Nikampigia mwenye nyumba. Akacheka. "Fundi, kwani umeme si unatumia wewe?" Sheria inasema kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, mita inasema ni ya mwenye pasi, na mtaalamu wenu anasema mimi silipi kitu!

Na huyo huyo mwenye nyumba alichukua pango la miezi sita kwa mkupuo, taslimu, mkataba kauandika kwenye karatasi ya daftari. Risiti hakuna. Pango la fremu linatakiwa kukatwa asilimia 10 ya kodi ya zuio, na kwa sheria wa kuikata ni mimi mpangaji. Jaribuni kumzuilia mwenye nyumba wa Mbagala asilimia 10 ya hela yake, muone kama vitambaa vyenu havitalala nje. Halafu zote zinaitwa kodi, ya kwake na ya serikali, na zote zinatoka kwenye kibubu kimoja.

Pendekezo langu ni dogo. Kila luku inapokata ile 1,500, ujumbe uende pia kwenye simu ya mwenye jengo: "Mpangaji wako amekulipia kodi. Mrudishie kabla ya saa 12 jioni." Asiporudisha, mwezi unaofuata ikatwe kwenye mita ya nyumba anayolala yeye, usiku, katikati ya mpira.

Na mtaalamu wenu akipita huku Mbagala alete suruali yake nimpigie pasi. Umeme anunue yeye.

Fundi cherehani,
Mbagala, Dar es Salaam