Matege mengine hayanyooki yenyewe

Mhariri,

Mtoto akiwa na matege tunaambiana, "Atanyooka akikua." Wengi hunyooka kweli, wakifika miaka miwili hivi. Lakini upo ugonjwa wa Blount: mfupa wa muundi hudumaa upande wa ndani, chini ya goti, na mguu huzidi kupinda. Huwapata zaidi watoto wenye asili ya Afrika, walioanza kutembea mapema na wenye uzito mkubwa. Ndio haohao tunaowasifu kwa afya njema! Inaniuma, maana wakicheleweshwa, vyuma vya kunyoosha mguu havisaidii tena, hubaki upasuaji.

Wauguzi wa kliniki, mkishamtoa mtoto kwenye mizani, mtazameni na magoti. Aliyepita miaka miwili na matege yanaongezeka apigwe eksirei.

Mzazi,
Morogoro