Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za mwaka huu mnazifahamu: vikao tisa vya kamati, ziara katika shule nne pamoja na darubini yetu ndogo, na usiku sita wa kutazama anga, miwili kati yake ukiharibiwa na mvua. Sitazirudia, kwa sababu liko jambo moja lililotugawa na ambalo ninawiwa kulitolea maelezo.

Jambo hilo ni uamuzi wa kamati wa kutopeleka wizarani pendekezo la kuitangaza Kilimanjaro kuwa mahali pa kujenga darubini kubwa ya kimataifa. Imesemwa kwamba mwenyekiti amezima ndoto ya vijana. Barua ya kusitisha pendekezo niliiandika na kuisaini mimi mwenyewe, na mpaka leo naamini kwamba nilifanya sawa.

Waliolileta pendekezo waliegemea urefu wa mlima, nao hawakukosea kwamba juu ya mita 5,895 hewa ni nyembamba na mvuke ni mchache. Hata hivyo, anayechagua mahali pa darubini huuliza kwanza idadi ya usiku usio na mawingu kwa mwaka mzima, na sisi tuna misimu miwili ya mvua. Kisha huuliza utulivu wa hewa. Waliokuja nasi Machame, kwenye miteremko ya mlima huo, wanakumbuka jinsi nyota ya Sirius ilivyokuwa ikitetemeka ndani ya lenzi kama kokoto chini ya maji ya kijito. Kioo, hata kiwe kikubwa kiasi gani, hakiwezi kuiponya hewa ya namna hiyo, na hakuna kati yetu aliyewahi kuipima hewa ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wakati wa usiku. Cerro Armazones nchini Chile, iliyochaguliwa mwaka 2010 kwa ajili ya darubini ya Ulaya yenye kioo cha mita 39, ina urefu wa mita 3,046 tu, lakini imo katika jangwa la Atacama. Darubini kubwa ya Afrika Kusini, iliyozinduliwa mwaka 2005, iko Sutherland, kwenye mita zipatazo 1,800, katika nyanda kavu zenye giza.

Zaidi ya hayo, mlima una wenyewe. Mauna Kea, huko Hawaii, ilichaguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya darubini ya mita 30. Wenyeji wa asili, ambao kwao mlima ule ni mtakatifu, walipinga. Mwaka 2015 mahakama ya juu ya jimbo ilifuta kibali kwa kuwa taratibu hazikufuatwa, na ingawa kilirudishwa, mwaka 2019 wazee waliketi barabarani wakakamatwa na ujenzi ukakwama. Mlima Kilimanjaro ni hifadhi ya taifa na urithi wa dunia, na Wachagga wanauheshimu tangu enzi za mababu. Katika kurasa kumi na mbili za pendekezo sikuona mstari mmoja unaosema kwamba kuna mzee yeyote wa huko aliyeulizwa. Nisingeweza kuliwekea jina la chama.

Wapo wanaosema kwamba suala hili lilistahili mkutano wa wanachama wote. Nami niliuitisha, mwezi Juni, kwa ujumbe uliotumwa mara tatu. Kati ya wanachama 64 walifika 11, na baadhi ya wanaolalamika leo hawakuwa miongoni mwao. Akidi haikutimia, ndipo kamati ikaamua, wajumbe watano kwa wawili.

Hali ya ada nayo inasikitisha. Waliolipa ni 23, sawa na shilingi 690,000. Wanachama 41 wanadaiwa jumla ya shilingi 1,230,000. Usafiri wa kwenda shuleni ulilipwa zaidi kutoka mfukoni mwangu, nami sijaomba kurudishiwa.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kutafuta kifaa cha kupima giza na utulivu wa anga, tukianzia maeneo makavu ya katikati ya nchi, kwa kushirikiana na chuo chochote kitakachokuwa tayari. Vijana walioandika pendekezo ndio ningependa waiongoze kazi hiyo, na nimeshamwambia katibu awaandikie.

Mwenyekiti