Barua kwa Mwanaidi kuhusu Walakota

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote walioko nyumbani. Uliniuliza kwa nini Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani, ambao wengi wao wanaishi katika ufukara kwenye maeneo yao ya South Dakota kama vile Pine Ridge, wanakataa fedha ambazo Marekani iko tayari kuwalipa.

Katika mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868, Marekani iliahidi kwamba milima ya Black Hills, ambayo wao huiita Paha Sapa na kuiheshimu kama mahali patakatifu, ingebaki mikononi mwao. Miaka sita baadaye dhahabu ikaonekana huko, wachimbaji wakamiminika, na mwaka 1877 Bunge likaitwaa milima hiyo. Baadaye nyuso za marais wanne zikachongwa kwenye jabali lake. Kesi yao ilichukua miongo mingi, hata mwaka 1980 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba walistahili fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Hawakuigusa. Fedha hizo zimelala hazina zikizaa riba hadi kupita dola bilioni moja, nao wanasema kuzipokea ni kukiri kwamba waliuza. Nami naona wana haki kabisa.

Lakini lililonitoa machozi ni habari ya watoto. Kuanzia mwaka 1879, watoto wa Pine Ridge na wa Rosebud, eneo jingine la Walakota, walipelekwa shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, mbali mno na wazazi wao, wakanyolewa nywele, wakapewa majina ya Kizungu na kukatazwa kusema Kilakota. Baadhi yao walifia huko wakazikwa huko. Vijana wa Rosebud waliozuru makaburi hayo waliuliza kwa nini wenzao wasirudishwe kwao, wakalishikilia jambo hilo kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 2021 mabaki ya watoto tisa yakarejeshwa na kuzikwa kwa taratibu za kabila lao.

Ibada ya Ngoma ya Jua nayo ilipigwa marufuku mwaka 1883, wakaiendeleza kwa siri; leo huchezwa hadharani kila kiangazi.

Na jambo hili ulifikirie, Mwanaidi: mwaka 2012, Walakota na makabila ndugu zao yalichanga fedha, yakisaidiwa na wafadhili, yakanunua Pe' Sla, mbuga takatifu iliyomo ndani ya milima ileile wanayosema ni yao.

Nasubiri kusikia maoni yako.

Rafiki yako,
Salma