Si kila doa kwenye gari ni la kupiga kompaundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wenye magari wa Dar es Salaam, na zaidi niseme na wenzangu tunaokula kupitia magari hayo: waoshaji, wapolishi na mafundi rangi. Kuna jambo linaniuma. Magari mazuri yanamalizwa rangi na watu wanaolipwa kuyapendezesha, na kinachoyamaliza ni kopo la kompaundi, ile dawa ya kusaga rangi ili ing'ae.

Kazi yangu ni kupiga rangi, hapa Ilala. Siku hizi gari likiletwa nipige upya paa na boneti, mara nyingi halijagongwa popote. Limebabuka tu. Mwenyewe atakuapia kwamba analitunza, kwamba kila akiona doa analipeleka likapolishiwe. Namwamini. Na hapo ndipo tatizo lilipo.

Rangi ya gari la kisasa imepangwa kwa tabaka. Juu ya bati kuna praima, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu kabisa kuna klia, ambayo haina rangi lakini ndiyo inayong'aa na ndiyo inayoikinga rangi na jua. Gari lililotoka kiwandani huwa na klia ya mikroni 40 hadi 50 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na tabaka zote kwa pamoja mara nyingi hazizidi mikroni 150. Unywele wa kichwani kwako ni mnene kuliko hiyo klia. Sasa kompaundi haifuti doa. Inaisaga klia yote iliyo pembeni mpaka ishuke usawa wa doa, na kilichosagwa hakirudishwi na nta wala polishi ya bei yoyote. Isitoshe, magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani. Pengine lilipolishiwa huko kabla ya kuuzwa, likapolishiwa tena yadi hapa mjini, na wewe unayelinunua hujui umebakiziwa nini.

Ndiyo maana nashauri hivi: kabla mtu hajaligusa gari lako kwa mashine, akuambie kwanza doa hilo limetokana na nini, na kama limekaa juu ya klia au limeshaila. Asiyeweza kukujibu mambo hayo mawili, mshukuru uondoke.

Chukua kunguru, maana hakuna mtaa wa Dar uliosalimika na kunguru hawa wa India walioletwa Zanzibar miaka ya 1890. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki, ila asidi haifanyi kazi peke yake. Boneti jeusi likipigwa na jua la Januari huwezi kuliwekea kiganja. Klia inalainika na kutanuka, kinyesi kinakauka juu yake na kuwa kigumu, halafu usiku bati likipoa klia inasinyaa ikishika umbo la kile kinyesi. Asubuhi unakibandua, lakini alama imebaki.

Dawa yake ni maji na kuwahi. Lowanisha kitambaa laini, kilaze juu ya uchafu dakika chache, kisha unyanyue vyote pamoja bila kusugua, kwa sababu ndani ya kinyesi mna mchanga na mbegu. Nimeona watu wanakwangua kwa kucha au kwa tishu kavu, wanabaki na mikwaruzo mibaya kuliko doa lenyewe. Na ikitokea alama changa imebaki, usikimbilie kompaundi siku hiyo hiyo. Wakati mwingine gari likishaoshwa na kukaa juani klia inalainika tena na alama inapungua yenyewe.

Lakini kwa magari ninayopokea mimi, kunguru si adui mkubwa kama maji ya kisima. Visima vingi vya mji huu, hasa vya upande wa pwani, vina chumvi, na vingine maji yake ni magumu, yamejaa kalisi. Gari linaoshwa saa sita mchana, linasuuzwa kwa maji hayo hayo, kijana anakimbilia gari linalofuata, na matone yanakauka juu ya bati la moto. Maji yanaruka, chumvi na kalisi zinabaki. Kila tone linaacha pete nyeupe. Wiki ya kwanza pete hizo zimekaa juu tu, sabuni haizitoi lakini siki inazitoa. Zikiachwa mwezi baada ya mwezi zinazama kwenye klia, hapo siki nayo haina msaada tena.

Ukitaka kuzitoa mwenyewe, fanya hivi. Osha gari kwanza, liwe kivulini na bati limepoa. Changanya siki nyeupe ya kawaida na maji ya betri nusu kwa nusu. Nasema maji ya betri kwa sababu hayo yamechujwa kwa mvuke, hayana chumvi wala kalisi. Soma chupa vizuri mara mbili: asidi ya betri nayo inauzwa duka hilo hilo, na hiyo itaunguza rangi na mikono yako. Lowanisha kitambaa kwa mchanganyiko wako, kiweke juu ya pete dakika moja au mbili, futa taratibu, suuza kwa maji mengi, kausha. Kisha paka nta, kwa sababu siki huondoa na nta iliyokuwepo.

Ndugu zangu wa Posta mnaoegesha chini ya maghorofa nanyi msijione mmepona. Maji yanayopenya kwenye zege na kudondoka kutoka darini yana chokaa, na yakikauka juu ya gari huganda. Aliyeegesha karibu na ujenzi akarushiwa saruji mbichi asingoje hata saa moja. Saruji mbichi inaunguza. Maji mengi, hapo hapo.

Mengine yana njia fupi. Utomvu wa mwembe unalegezwa kwa spiriti kwenye kitambaa. Lami iliyorukia milangoni inatoka kwa mafuta ya taa kidogo, kisha unaosha kwa sabuni kuyaondoa mafuta hayo. Mafuta ya breki yakimwagika usiyafute kwanza, yamwagie maji, maana yanayeyusha rangi huku unayaangalia. Stilwaya na sabuni ya unga viishie jikoni.

Sasa, utajuaje kama klia imeshaliwa? Osha, kausha, halafu washa tochi ya simu na uitazame sehemu hiyo kwa ubavu. Ukipitisha ukucha taratibu na haukwami, polishi nyepesi kwa sponji laini inaweza kutosha. Ukucha ukikwama kwenye ukingo wa alama, hilo ni shimo, na kulifukuza kwa mashine ni kuimaliza klia yote. Bora uishi nalo, au upige upya boneti hilo peke yake. Nalisema hili ingawa kupiga rangi ndiyo riziki yangu, na mara nyingi namwambia mteja aishi nalo.

Fundi anayejua kazi huanza na kipande kidogo kama kiganja, kwa polishi laini kuliko zote alizonazo. Hapandi kwenye kompaundi mpaka ile laini imeshindwa, na msasa wa maji, namba 2000 au 3000, anaushika mwisho kabisa. Kingo na mikunjo ya bodi anazifunika kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwa sababu hapo rangi huwa nyembamba na mashine hupasua haraka. Kipimo cha unene wa rangi kipo, kinasoma mikroni juu ya bati. Kwenye bampa za plastiki hicho cha kawaida hakisomi, hapo ni jicho na tahadhari. Na kitambaa kikitoka na rangi ya gari, simama: gari hilo halina klia, unasaga rangi yenyewe. Magari ya hivyo yapo, hasa yenye rangi nyeupe au nyeusi ya kawaida, isiyometameta.

Mama mmoja wa Tabata aliniletea Toyota IST ya buluu. Paa lilikuwa na mabaka meupe kama ramani, bati linakaribia kuonekana. Alikuwa akilipia polishi kila mara kuondoa madoa ya maji sehemu ile ile anayooshea, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maji yale yale ndiyo yanayoyaleta. Aliniuliza kwa nini hakuambiwa, na sikuwa na jibu la kumpa. Alilipa paa zima. Fedha ile ilikuwa ya ada ya mtoto.

Wenye maeneo ya kuoshea magari, hili nawaomba ninyi. Osheni kwa maji ya kisima kama hamna mengine, lakini wekeni pipa moja la maji ya DAWASA au ya mvua kwa ajili ya kusuuza mwisho, na taulo safi za kukaushia kabla gari halijatoka kivulini. Kama hamna kivuli, tandikeni turubai. Na kijana anayekuja kuomba kazi ya kupolishi, mfundisheni kuuliza kabla ya kuwasha mashine.

Fundi rangi,
Ilala, Dar es Salaam.